Zamu ya Kukaa na Moshi

Jumamosi mchana, wageni wakiwa bado njiani, mkaguzi wa zimamoto alikuwa amepiga magoti sebuleni kwake akipima kwa futi ya fundi nafasi iliyopo kati ya chetezo na pazia. Chetezo kilikaa juu ya sinia la bati lenye mchanga, sinia juu ya kigae, kigae juu ya meza fupi isiyotikisika. Ndoo ya maji ilikuwa pembeni. Kaa la mkaa lilikuwa limewashwa nje na kuachwa mpaka likavaa kijivu lote, kwa sababu kaa jeusi lina moshi wake mchafu unaogonga kichwa, na mtu anayelitia ubani kabla halijaiva anavuta mkaa halafu anajisifu kwamba kavuta ubani. Mkaguzi alidondosha chembe chache kwa koleo dogo, si konzi nzima kama wafanyavyo wenye pupa. Akasubiri. Moshi ukanyanyuka wima, akaridhika.

"Nani anakaa nacho?" akauliza.

"Mimi," mkewe akajibu. "Wifi atanipokea zamu wageni wakishakaa."

Mkewe alikuwa mshona mapazia, na mapazia ya sebule ile ndiyo yaliyokuwa tangazo la biashara yake, kwa hiyo alikuwa na sababu zake za kukaa. Wifi aliyetajwa ni mdogo wake mkaguzi, mwalimu wa shule ya msingi, aliyerudi kuishi kwa kaka yake baada ya ndoa kuvunjika. Kila mtu alimwita Mwalimu. Na mkaguzi naye kila mtu alimwita Mkaguzi, hata mkewe, ambaye alianza kwa utani na baadaye akasahau kwamba ilikuwa utani.

Watu siku hizi wanachoma ubani na udi kihuni. Mtu anachomeka kijiti cha udi kwenye ndizi mbivu, anakiegemeza kwenye kochi la sponji, anaenda zake kuoga, halafu anakutwa barabarani amejifunga taulo analia eti ni hitilafu ya umeme. Mkaguzi alishaziona taulo hizo nyingi kazini. Nyumbani kwake basi hakukuwa na mchezo. Dirisha la upande wa barabara lilifunguliwa, feni ikazimwa, na juu ya masharti yote kulikuwa na sharti moja lisilojadiliwa: kitu kinachowaka hakiachwi peke yake.

Zamu zilipangwa kwenye kundi la familia la simu, na zilifuatwa. Aliyekaa alikaa kweli. Alivuta kiti, akakunja miguu, akautazama moshi ukipanda, ukijipinda, ukiachana vipande vipande karibu na dari. Mwalimu alisema kukaa na moshi kunamtuliza baada ya kelele za darasani. Mshona mapazia alisema ndipo mahali pekee anapopumua. Hata Mkaguzi mwenyewe, ambaye kazini akiona moshi huuliza kwanza nani atawajibika, mbele ya chetezo uso wake ulilegea kabisa, ungedhani ni mtu mwingine. Chetezo kile kilipata uangalizi ambao watoto wengi wa mjini hawaupati.

Chumba cha nyuma alikuwamo mama yake Mkaguzi, ambaye nyumba nzima ilimwita Bi Mkubwa.

Bi Mkubwa aliteleza bafuni, nyonga ikavunjika, ikaungwa, ikaungika upande, na tangu hapo akawa mtu wa kitanda. Si kwamba alitupwa, jamani, tusiwasingizie watu. Chakula alipata. Dawa alipata. Nepi alibadilishwa, asubuhi na mkwewe, jioni na bintiye, wote wawili wakiwa wamebana pumzi na kukimbizana na kazi. Mwanawe alipita kila siku kabla ya kwenda ofisini, akasimama mlangoni mguu mmoja ndani mmoja nje, akasema, "Mama, umeamkaje?" na kabla hajajibiwa alikuwa ameshatazama saa. Kando ya kitanda kulikuwa na kigoda kilichonunuliwa kwa ajili ya mtu wa kukaa naye. Kilitumika kuwekea vitu.

Na ubani wenyewe, tuseme kweli, ulianza kwa sababu ya chumba hicho. Mteja mmoja wa mapazia, mwanamke wa heshima zake, alikaa sebuleni akinywa chai, akainua pua, akauliza kama kuna paka nyumbani. Hakukuwa na paka. Wiki hiyohiyo chetezo kikanunuliwa.

Bi Mkubwa hakuwa na neno na ubani. Aliupenda. Alichokitaka kilikuwa kingine, na alishakisema wazi, tena kwa wote watatu kwa nyakati tofauti, asije mtu akadai hakuambiwa. Dada yake alifia wodini amegeukia ukuta, na aliyegundua ni mfagiaji.

"Mimi nisife hivyo," alimwambia mwanawe. "Siku yangu ikifika, baba, nataka mtu hapo kwenye kigoda. Sichagui. Yeyote kati yenu."

"Kufa kumetoka wapi tena, Mama? Daktari kasema moyo wako mzima."

"Sikusema moyo. Nimesema kigoda."

"Tutaongea jioni," Mkaguzi akasema, na jioni hawakuongea.

Basi ikawa hivi. Upepo uliingilia dirisha la barabarani, moshi ukasukumwa koridoni, na mwisho wa korido ukapita chini ya mlango wa Bi Mkubwa. Hilo halikutokea kwa bahati. Mkaguzi alilipanga, ili moshi na harufu vikutane hukohuko nyuma na kumalizana, sebule isihusike. Kila mara wageni walipokuja Bi Mkubwa alifukizwa, na wageni walikuja sana kwa kuwa mapazia yalikuwa yakiuzika. Ubani ukamwingia kwenye nywele, kwenye mashuka, kwenye ngozi. Baada ya muda ulikuwa umefika mpaka kwenye mifupa.

Alasiri moja ya siku ya kazi, chetezo kikiwa kimeoshwa na kufungiwa kabatini, mshona mapazia alisikia harufu ya ubani. Akadhani ni kwa jirani. Akazima cherehani, akaifuata koridoni, akafungua mlango wa nyuma. Bi Mkubwa alikuwa amelala chali, macho wazi, na katikati ya kifua chake, pale shingo ya gauni inapoishia, ulikuwa unapanda moshi mwembamba mweupe. Chini ya moshi kulikuwa na kaa dogo jekundu, upana wake kama kifungo cha shati.

"Mama, unawaka," akasema.

"Naona. Tangu adhuhuri."

"Inauma?"

"Haiumi. Inawasha kidogo. Nimeita, lakini cherehani ilikuwa inalia."

Mshona mapazia akavuta pumzi, pumzi nzima ya kujaza kifua, jambo ambalo hakuwahi kulifanya ndani ya chumba kile. Akavuta nyingine. "Ni ubani mzuri sana, Mama," akasema kwa heshima. "Wa dukani hauingii hapa." Halafu akampigia mumewe.

Mkaguzi alikuja na magwanda yake ya kazi, akakagua. Chandarua kikaondolewa. Blanketi la nailoni likatolewa, likaja shuka la pamba. Godoro nalo likatoka, maana sponji haina tofauti na petroli iliyogandishwa, ndivyo alivyosema, na Bi Mkubwa akatandikiwa mikeka miwili juu ya chaga za chuma. Mgongo wake ulikuwa na vidonda vya kulala, lakini vidonda havijawahi kuunguza nyumba ya mtu. Karai la mchanga likawekwa miguuni pake.

"Tusimpeleke hospitali?" Mwalimu akauliza. Alikuwa ametoka shuleni muda huo, chaki bado vidoleni.

Wakampima homa. Hakuwa na homa.

"Sasa tukaseme nini?" Mkaguzi akasema. "Mgonjwa wetu ananukia?"

"Basi tumzime kwa maji," mkewe akapendekeza, ingawa kwa shingo upande, kwa sababu alikuwa bado anavuta hewa.

"Maji kwa mtu wa umri huu ni nimonia. Ataachwa awake taratibu." Mkaguzi akajifuta mikono. "Ila jambo moja. Kuanzia leo hawezi kuachwa peke yake."

Muda wote Bi Mkubwa alikuwa akigeuzwageuzwa kama fenicha siku ya kuhama. Aliposikia hilo alikigeukia kigoda. Mwanawe akaondoa vilivyokuwa juu yake, akakivuta, akakaa. Bi Mkubwa akalia. Yalikuwa machozi ya furaha, hakuna haja ya kuyafanyia siri: maneno aliyoyasubiri tangu nyonga ivunjike yalikuwa yametamkwa, tena na mtu mwenye magwanda.

Zamu zikaandikwa upya. Asubuhi mshona mapazia, aliyehamia chumbani na pindo zake za kushona kwa mkono. Jioni Mwalimu na rundo la madaftari. Mkaguzi alichukua mchana wa siku ambazo hakuwa na ukaguzi nje, na mwisho wote wa wiki. Hakuna aliyekwepa. Katika mambo ya moto familia ile haikuwa na mvivu hata mmoja, na hilo lazima wapewe haki yao.

Siku za mwanzo Bi Mkubwa aliongea. Alikuwa na akiba. Jioni moja alimwambia Mwalimu jinsi alivyomzaa Mkaguzi, umeme ukiwa umekatika, mkunga akiwa ameshika mshumaa kwa meno, na mshumaa ukamdondokea baba mtu aliyekuwa amepiga magoti kuomba. Mwalimu akacheka. Bi Mkubwa naye akacheka, kicheko cha tumboni, na cheche ikaruka kutoka kifuani kwake ikatua kwenye daftari la mwanafunzi na kutoboa insha iliyohusu usafi wa mazingira. Mwalimu aliizima kwa kiganja. Baada ya kula akamweleza kaka yake, kwa nia njema kabisa.

"Kucheka kusiwepo," Mkaguzi akatoa uamuzi. "Na kuongea pia, Mama, tupunguze. Pumzi inakuchochea."

"Sasa mtakaa hapa tufanye nini?"

"Tutakaa na wewe, Mama. Si ndicho ulichokuwa unataka?"

Wakakaa, basi. Wakakaa kama walivyokaa na chetezo, miguu imekunjwa, kidevu mkononi, na macho yakaenda palepale yalipozoea kwenda, juu kidogo ya kinachowaka, pale moshi unapoanza kujipinda. Walipumzika. Walifurahi. Mshona mapazia alisema kichwa chake hakijamgonga tangu aanze zamu. Bi Mkubwa alilala chini ya macho yao akiwatazama mmoja baada ya mwingine, na katika nyuso zote tatu hakukuwa na hata moja iliyoelekea kwake.

"Baba, niangalie," alimwambia mwanawe.

"Nakuangalia, Mama. Leo umenyooka vizuri."

Alimaanisha moshi.

Kuzimika nako kulikuwa na utaratibu wake. Kaa lilipofifia, mwenye zamu alisubiri, kisha akaweka mgongo wa mkono kifuani kwa Bi Mkubwa kuona kama pamepoa, kwa kuwa kaa linaweza kujificha chini ya jivu na kukufanyia vituko ukishageuka. Pakiwa baridi, aliandika kwenye kundi, "Amezimika," wengine wakajibu kwa alama ya dole gumba, naye akainuka. Mwalimu aliwahi kuinuka sentensi ya mama yake ikiwa katikati. Haikuwa dharau. Zamu ilikuwa imekwisha, na kwake mtu anayebaki kazini baada ya zamu ni mtu asiyejua kupanga muda.

Bi Mkubwa si mtu wa kufundishwa jambo mara mbili. Alielewa kwamba akiwaka wanakuja, akizimika wanaondoka, na akaanza kutafuta namna ya kuwaka. Kulia hakukusaidia, kulilifanya kaa lififie na kutoa mvuke. Hasira iliwaka vizuri mno. Akimkumbuka dada yake na ule ukuta wa wodini, kaa lilivimba na moshi ukatoka kwa fujo. Lakini moshi wa hasira ulikuwa mzito wenye uchungu, mkwewe akakohoa na kuomba dirisha la pili, na siku hiyo alikaa kwenye kizingiti cha mlango badala ya kwenye kigoda. Bi Mkubwa akaiacha hasira.

Akajaribu mapenzi. Alimkumbuka Mkaguzi akiwa mtoto, alivyokuwa akiogopa kiberiti, alivyokuwa akijificha nyuma ya gauni lake kila jiko lilipowashwa, na jinsi alivyomshika mkono mara nyingi, taratibu, bila kumcheka, mpaka akaweza kuwasha njiti moja peke yake na kuja kumwonyesha. Kaa likaiva kimya kimya. Moshi uliotoka ulikuwa mwororo, mtamu, na mkwewe akasogeza kigoda karibu. Tangu siku hiyo Bi Mkubwa aliwaka kwa mapenzi tu, na alikuwa nayo mengi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuja kuyachukua.

Ilichukua wiki chache mshona mapazia kuuliza kwa nini wanaendelea kununua ubani. Swali lilikuwa la haki. Jumamosi iliyofuata Bi Mkubwa akabebwa na mikeka yake mpaka sebuleni, akawekwa kwenye kona iliyopimwa kwa futi, juu ya sinia kubwa la bati walilolipata kwa mwoka mikate. Alivalishwa gauni safi. Alikuwa hajaiona sebule tangu aanguke, akaangaza huku na huku, akaona kwamba kiti chake cha zamani kimetolewa ili mapazia yaonekane vizuri.

"Ubani gani huu jamani?" wageni wakauliza, vikombe mkononi.

"Ni wa nyumbani tu," mshona mapazia akajibu kwa unyenyekevu.

Wageni walimwamkia Bi Mkubwa, wakamsifu kwa kunukia, wakarudi kwenye mazungumzo ya vitambaa. Siku hiyo yaliagizwa mapazia ya hoteli nzima. Jirani mmoja, mpambaji wa kumbi za sherehe, hakusema mengi, lakini alizunguka sinia lile mara kadhaa akiwa ameinamisha kichwa. Kabla ya kuaga alimvuta mshona mapazia pembeni.

"Mwenzangu, naweza kumwazima Jumapili? Nina ukumbi una harufu ya rangi mpya, nimehangaika nao."

"Mpaka nimuulize Mkaguzi."

Mkaguzi hakuwa mchoyo. Alimwazima mama yake kwa masharti: awe mbali na maturubai, asiwekwe karibu na mitungi ya gesi, na asiachwe peke yake. Mpambaji akayafuata yote. Alimweka Bi Mkubwa nyuma ya jukwaa, akaketi naye mwenyewe akifunga riboni kwenye viti vilivyobaki.

"Una bahati, Mama," akamwambia. "Wangu mimi wakinipigia simu wanataka hela. Wako hawakuachi hata dakika moja, mtaa mzima unalisema hilo."

"Wanakaa na moshi," Bi Mkubwa akasema.

"Mama nawe una utani." Mpambaji akacheka, akalizungusha sinia kidogo ili upepo wa kiyoyozi uelekeze harufu kwenye meza za mbele.

Aliyeona kwamba anapungua ni Mwalimu, kwa kuwa ndiye aliyembadilisha jioni. Zamani alihitaji kumwita wifi yake wamgeuze pamoja. Sasa alimwinua kwa mkono mmoja. Miguu haikufika tena mwisho wa mkeka, na gauni lililokuwa likimkaa sawa lilibaki na kitambaa kingi chini, mpaka mshona mapazia akalipunguza kwa mashine bila kuuliza.

"Kaka, Mama anapungua," Mwalimu akasema mezani.

"Mwalimu, kitu kinawaka kila siku. Ulitegemea aongezeke?"

"Sasa si ataisha?"

Mkaguzi akaacha kutafuna. Hakuwa mtu asiye na moyo, ila moyo wake ulikuwa na taratibu za kufuata. Akasema, "Tumtumie kwa kiasi. Siku za wageni tu."

Alikwenda mwenyewe kumweleza mama yake, akasimama mlangoni.

"Mama, tunaomba uwake Jumamosi peke yake. Siku nyingine jizuie. Ni kwa faida yako."

"Nisipowaka mtakaa?"

"Usipowaka hakuna haja ya mtu kukaa, Mama. Ndiyo nafuu yenyewe."

"Basi siwezi."

"Usiwe mkaidi. Watu wana kazi zao."

"Najua mna kazi," Bi Mkubwa akasema. "Ndiyo maana nawaka."

Mkaguzi aliona kwamba uzee umeanza kumchanganya, akamsamehe. Mwalimu ndiye aliyesumbuka kidogo. Jioni moja, baada ya kaa kuzimika na kupoa, alibaki na mkono wake juu ya kifua cha mama yake, hakuinuka. Bi Mkubwa hakupumua kwa nguvu, asije akauharibu muda ule. Walikaa hivyo pengine kwa urefu wa kusahihisha daftari moja. Kisha Mwalimu akaona haya kukaa bure wakati hakuna kinachowaka, akasema, "Haya, Mama, lala salama," ingawa jua lilikuwa bado halijazama, akaenda kumalizia kazi zake mezani.

Alhamisi moja mchana zamu ilikuwa ya Mkaguzi. Alikuwa na kikao saa kumi, kuhusu usalama wa moto masokoni, naye ndiye msemaji mkuu. Aliketi akiwa ameshavaa viatu. Bi Mkubwa wakati huo hakuwa mkubwa kuliko mtoto wa chekechea, na sauti yake ilikuwa ndogo vilevile, ila kaa kifuani lilikuwa ni lilelile la kifungo cha shati.

"Nimebaki kidogo sana, baba," akasema. "Nadhani ni leo."

"Leo kuna nini, Mama?"

"Namaliza."

"Ungemaliza kabla ya saa tisa na nusu ungenisaidia sana," Mkaguzi akasema, si kwa ubaya. "Nina kikao."

"Nishike mkono."

"Unawaka, Mama. Kitu kinachowaka hakishikwi mikono mitupu. Glavu ziko ofisini."

Bi Mkubwa hakukasirika, alishajua kwamba hasira inawakimbiza. Alitafuta ndani yake yale aliyokuwa ameyabakiza, na yalikuwa ya huyuhuyu aliyekaa mbele yake, akayatia kwenye kaa yote kwa pamoja. Harufu iliyotoka haijawahi kusikika nyumba ile wala mtaa ule. Huko mbele cherehani ikanyamaza. Mpambaji wa kumbi, aliyekuwa akianika vitambaa uani kwake, akasimama na nguo mkononi. Mkaguzi alifumba macho, akaegemea ukuta, akavuta pumzi ndefu, akaiachia, akavuta nyingine. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alisahau kikao. Alifurahia kwa dhati, kutoka moyoni, kama inavyotakiwa mtu afurahie ubani.

Mama yake alimtazama kwa muda wote aliokuwa amefumba macho. Akamwita kwa jina la utotoni, ambalo hakuna mtu aliyelitumia tangu avae magwanda.

"Mmh," Mkaguzi akaitikia, macho bado yamefungwa.

Moshi ukawa mwembamba, ukakatika, ukarudi mara moja, ukakatika tena.

Alifumbua macho harufu ilipopungua. Akaona kaa limekuwa jeusi, akatazama saa, akafurahi kuona muda upo. Alisubiri ule muda wa kusubiri, hakuuruka hata leo. Akaweka mgongo wa mkono kifuani. Baridi. Kwenye paji la uso, baridi. Akakagua mpaka nyayo, kwa sababu mtu makini haamini sehemu moja, na nyayo nazo zilikuwa baridi. Hakuwahi kumkuta amepoa vizuri namna ile. Akachota mchanga kwenye karai, akamnyunyizia kifuani kwa uhakika, akafungua dirisha.

Bi Mkubwa alikuwa amekufa, na mtu alikuwa kwenye kigoda kama alivyoomba. Mtu huyo hakuona, maana alikuwa anakagua moto, na moto ulikuwa salama.

Aliandika kwenye kundi, "Amezimika kabisa." Mwalimu akajibu kutoka darasani kwa dole gumba. Mkaguzi akanawa mikono, akaenda jikoni, mkewe akampakulia.

"Vipi huko?" mkewe akauliza.

"Baridi tupu. Hakuna hatari."

"Afadhali," mkewe akasema. "Kula basi, utachelewa."